Mkono bandia kwa fundi samani: wa umeme au wa kebo?

Dada, pole kwa yaliyompata kaka yako. Umeuliza kama mchange pesa za mkono wa umeme, yeye akiwa fundi samani Keko na amekatwa chini ya kiwiko. Mimi ningeanza na wa kebo. Mkanda unazunguka bega la upande wa pili. Akisukuma mkono mbele, kebo inavutika na ndoano iliyo badala ya kiganja inafunguka, kisha mikanda ya mpira inaifunga. Haivutii macho, najua, lakini inashika msumari, na mvutano wa kebo unamwambia imefunguka kiasi gani. Wa umeme husoma ishara za misuli kupitia vihisio vinavyogusa ngozi. Jasho la Dar na vumbi la mbao havipatani nao. Na betri je?

Ila kinachoamua yote ni soketi, ile sehemu inayovikwa kwenye kigutu. Mafundi wa viungo bandia wasichukue kipimo cha kigutu kwa plasta kabla uvimbe haujaisha, la sivyo itakuja kupwaya. Siku ya kujaribishwa aivae kama nusu saa, aivue, mtazame ngozi: wekundu usiofifia ndani ya dakika kumi, soketi irudi karakana. Ulizieni hospitali ya CCBRT, au taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Mikono ile ya kuchapwa kwa printa za 3D ni myepesi, lakini kwa kazi ya nyundo, hapana.