Naandika Kisha Nalia: Je, Niache?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Tangu baba yangu alipofariki, huandika katika daftari kila usiku baada ya sala ya isha, lakini nikimaliza huwa na huzuni zaidi kuliko nilivyoanza. Mama mkwe, ambaye naishi naye, anasema kuandika mambo ya ndani ni kujivua sitara. Je, kuna faida yoyote, au niache?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Usiache.

Huzuni hiyo imewapata wengi kabla yako. Mwaka 1986, mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alichapisha pamoja na mwenzake utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo, baadhi yao kuhusu tukio lililowaumiza mno maishani na wengine kuhusu mambo ya kawaida tu. Walioandika tukio pamoja na hisia zao waliinuka wakiwa na moyo mzito kuliko wenzao, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi. Tafiti za baadaye hazikutoa matokeo sawa kila mara. Hata hivyo, zingatia kwamba wale waliandika kwa siku 4, kisha wakapumzika. Wewe unalifungua jeraha kila usiku, tena saa ya kulala.

Kwa hiyo hamishia kuandika baada ya alasiri, wakati ambapo ukimaliza utapata watu wa kukaa nao, na siku nyingi andika tu jinsi siku ilivyokwenda. Kwa mfano: “Jumatano. Mvua tangu alfajiri. Karafuu zimeingizwa ndani mbichi na nyumba nzima inanukia. Nimemjibu wifi kwa ukali, na kosa lilikuwa langu.” Baada ya mwaka mmoja kumbukumbu itakuwa imeisahau harufu ile, na ule ukali itakuwa imeutafutia udhuru. Daftari halikutafutii udhuru, na hiyo kwangu ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Ama kuhusu sitara, mama mkwe ana haki ya kuhofu, kwa kuwa katika nyumba zetu daftari huweza kuokotwa na mtoto likasomwa barazani. Lifungie sandukuni, na siri uliyoaminiwa na mtu usiiandike kabisa. Lakini asidhani kuwa jambo hili ni geni kwa wanawake wa visiwa hivi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, alilelewa wakati ambapo wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu, naye akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, na ndizo zinazotuonesha leo maisha ya kasri la Mtoni kwa kalamu ya mtu aliyezaliwa humo.

Iwapo wiki zitapita na bado hulali wala huli, nenda hospitali, kwani daftari si tabibu. Na mama mkwe mwambie kwamba unayemwandika ni baba yako. Huenda naye anakumbuka jambo juu yake ambalo wewe hukuwahi kulisikia.