Nilijitangaza muflisi bila wakili, kaka ndiye aliyelipia

Wiki iliyopita msomaji wa huku Columbus, Marekani, aliniandikia: "Dada, nasikia ulijitangaza muflisi mwenyewe. Nisaidie, wanaonidai wananipigia mpaka kazini."

Mdogo wangu, ni kweli. Barua ya mahakama ya kunifutia madeni nimeitia fremu, iko ukutani juu ya friji. Wakili alitaka dola 1,800. Ningekuwa nazo, ningemtafuta wa nini?

Deni langu lilizaliwa na upasuaji, likalelewa na kadi tatu za mkopo. Nikachagua Chapta 7 ya sheria ya kufilisika, inayofuta madeni, si 13 ya kulipa kidogokidogo miaka mitatu hadi mitano. Kwanza kozi ya ushauri wa madeni, unaifanya mtandaoni kabla ya kufungua shauri. Kisha ada, dola 338. Ukikwama unaomba kulipa kwa awamu, na mwenye kipato kidogo sana anaweza kusamehewa. Fomu ni za bure. Nilizijaza usiku nikitoka zamu, stakabadhi za mishahara zimetandazwa kitandani. Shauri likishafunguliwa, sheria inawazuia wadai kukusumbua. Simu yangu ikanyamaza mpaka nikadhani imeharibika.

Sasa penye maumivu. Mkutano wa wadai ulikuwa kwenye Zoom, na hakuna mdai hata mmoja aliyetokea. Alikuwepo mfilisi tu, yaani msimamizi anayekagua mali na madeni ya aliyejitangaza muflisi. Akaniapisha, akaja kwenye malipo niliyomfanyia ndugu.

Miezi mitano kabla ya kufungua shauri nilimrudishia kaka dola 2,400, alizoniazima nauli ya kwenda kumzika mama. Kwenye fomu nililiandika kwa fahari kabisa: angalau mmoja nimemlipa! Kumbe malipo kwa wadai wa kawaida huchunguzwa siku 90 za nyuma, ila kwa ndugu ni mwaka mzima, na mfilisi anaweza kuzifuata zile pesa awagawie wadai wote. Akazifuata. Kaka anaishi Dallas. Barua ilipofika kwake, wifi yangu ndiye aliyeifungua.

Wakili angeniambia kwa dakika tano: subiri miezi saba mingine ipite. Basi.

Hata hivyo, usije ukajifunza kuficha. Andika kila kitu. Kiwanja cha Kibaha kiandike, hata kama hati anakutunzia baba mdogo. Pesa zako zilizoko kwenye upatu ziandike. Watu wetu wanapenda kusema "Wamarekani watajuaje?" Unasaini kwa kiapo, ndugu! Kuficha mali ni jinai, na madeni yenyewe unaweza kunyimwa kufutiwa. Mimi kiwanja nilikiandika. Mfilisi aliuliza maswali mawili, akaachana nacho. Andika kila kitu, narudia. Matunzo ya mtoto hayafutwi, na mkopo wa chuo usiutegemee. Tena kuna kozi ya pili, baada ya kufungua shauri. Usipoifanya, shauri hufungwa na madeni yako yakiwa palepale.

Kwa hiyo kabla hujagusa fomu, mdogo wangu, nijibu kwanza: tangu mwaka jana umemlipa nani?

Kaka namtumia dola 100 kila mwisho wa mwezi, bila kulazimishwa na mtu. Zamani tukipiga soga saa nzima. Siku hizi nikimwandikia kwamba nimetuma, ananijibu kwa dole gumba.