Kwa Wanagenzi Wanaoanza Kufanya Kazi na Taa za UV

Kila kundi jipya la wanagenzi linapoingia maabarani kwetu hapa Mombasa, makosa yale yale hurudiwa mbele ya taa ya UV (yaani ya miale ya urujuanimno), na kwa kuwa macho yenu nayathamini kuliko jeli yoyote (ule utando laini tunaotenganishia vipande vya DNA), nimeona niyaandike.

1. Msiuamini ubuluu wa taa. Miale inayoua vijidudu, ya nanomita 254, haionekani kwa jicho, na taa kuukuu huendelea kung'aa ilhali nguvu yake imekwisha pungua. Ifuteni vumbi kwa alkoholi, ikiwa imezimwa na kupoa.

2. Miale hii haipindi kona. Kilichokaa kivulini, nyuma ya chupa au kisanduku, hakijatakaswa, kwa hivyo panguseni na kabati lenye taa kwa alkoholi ya asilimia 70 kama kawaida.

3. Jeli ndiyo inayonisikitisha zaidi. Mwanagenzi mmoja hodari alikuwa akikata mkanda wa plasmidi (DNA ndogo ya mviringo) juu ya meza ya UV. Alivaa miwani yake ya kusomea tu, akainama hadi pua ikakaribia jeli, akakata polepole kwa wembe, akamwita mwenzake aje aone, kisha akaendelea. Hakuhisi lolote, kwa sababu miale hiyo haina joto la kumwonya mtu, na konea (utando angavu wa mbele ya jicho) iliyoungua huanza kuuma baada ya saa kadhaa, mara nyingi kati ya 6 na 12. Usiku wa manane macho yalimwasha kama yaliyotiwa mchanga. Asubuhi nikaona na utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono, pale glovu ilipoishia na koti halikufika. Macho yalipona, plasmidi haikupona. Alipoipandikiza kwenye bakteria, sahani za kuoteshea bakteria zilibaki karibu tupu, naye akakilaumu kimeng'enya. Kumbe kilichomdhuru yeye ndicho kilichoiharibu DNA yake: timini (mojawapo ya herufi nne za DNA) mbili zilizo jirani katika uzi mmoja hufyonza miale na kushikana, na kimeng'enya kinachonakili DNA kikifika hapo hukwama, iwe ni katika seli ya ngozi au katika plasmidi. Vaeni ngao ya uso ya polikaboneti, ivuteni glovu juu ya mkono wa koti, na mkikata tumieni nanomita 365 kwa muda mfupi kabisa.

4. Sahani za bakteria zilizopigwa miale zifungeni papo hapo kwa karatasi ya alumini. Mwaka 1949 mwanabiolojia Albert Kelner alionyesha kwamba mwanga wa kawaida huweza kuvifufua vijidudu vilivyopigwa na UV; leo tunajua kwamba kimeng'enya kiitwacho fotolaisi hutumia nishati ya mwanga wa buluu kuzitenganisha timini zilizoshikana. Kundi lililopita liliziacha sahani wazi mezani karibu na dirisha, katika mwanga mkali wa msimu wa kaskazi, makoloni ya bakteria yakaota tele, wakaandika kwenye ripoti kwamba taa ni mbovu. Taa ilikuwa nzima, na zoezi likarudiwa mapazia yakiwa yamefungwa.