Kwa mnaoanza kuongoza wageni Mahale, hifadhi ya milima kando ya Ziwa Tanganyika: siku ya kuwapandisha wageni mlimani kuona sokwe

Wadogo zangu mnaoingia kambini msimu huu, hasa nyie mliotoka chuo juzi tu, naona mnakariri sana habari za sokwe, vizuri, ila sokwe wana wafuatiliaji wao wanaowajua kuliko wewe. Kinachoharibu siku kule mlimani ni mgeni ambaye hukumsoma mapema.

Kwa hiyo kazi inaanza jioni ya kabla. Barabara ya magari hamna huku, watu wanafika wamechoka na ndege ndogo alafu boti ziwani, kaa nao kwenye chakula, angalia nani anashuka ngazi kwa kushikilia, nani kaja na raba za mjini, na sikiliza nani anakohoa. Hapo kwenye kukohoa usione aibu hata kama mtu kalipa mamilioni. Magonjwa yetu yanawaambukiza sokwe: mwaka 2006 ugonjwa wa aina ya mafua uliua sokwe kadhaa wa kundi la M, ndilo kundi lililozoeshwa watu, na utafiti wa sokwe hapa ulianzishwa na Wajapani tangu 1965, yaani humo kuna sokwe wanajulikana mama yao na bibi yao. Mwambie jioni ileile, pembeni, kwa adabu, maana mgonjwa haruhusiwi kupanda na kurudishwa asubuhi mbele ya wenzake kunauma zaidi.

Asubuhi wafuatiliaji wanatoka mapema kutafuta sokwe walikolala, nyie mnasubiri redio. Hapa ndo wageni wanaanza kuuliza "saa ngapi tunaondoka" kila baada ya muda mfupi. Usiahidi kitu. Waambie inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa masaa manne, na kuna siku hamuwaoni kabisa. Mfuatiliaji akisema kwenye redio wako karibu hiyo baki nayo mwenyewe, karibu yake ni mabonde mawili na kilima katikati 😂. Kiangazi kikikolea, kama Agosti hadi Oktoba, mara nyingi sokwe wanashuka chini na kazi inakuwa nyepesi, mvua zikianza Novemba njia inateleza na huko juu ni jasho.

Kwenye kutembea, anayetembea taratibu muweke nyuma yako moja kwa moja, usimwache mwisho wa mstari, akiwa mwisho kila mkisimama kumsubiri yeye akifika tu mnaondoka, anakuwa hajapumzika hata mara moja. Na usimtangaze. Mwone anahema, simama uonyeshe kiota walicholala sokwe jana au mabungo yaliyotafunwa yakatupwa, ongea dakika tano, wote wanapumzika na hakuna anayejua kwa nini. Suruali ndani ya soksi tangu mwanzo, siafu hawangoji.

Mkifika, barakoa kwa wote na wewe ukiwemo, wageni wasizidi sita, wa chini ya miaka 12 hapandi, umbali mita kumi na muda ni saa moja tu. Shida ni kwamba sokwe hawajui mita kumi, watawafuata hapohapo njiani, basi nyie ndo mnarudi nyuma na kuwapisha. Dume akija mbio anaburuza tawi, wakusanye watu pembeni ya njia, wasimame kimya, asikimbie mtu. Hili uwe umeshawaeleza chini kabla hamjapanda, pale juu hawakusikii. Wapiga picha wenye lenzi kubwa wana tabia ya kushika nafasi ya mbele mpaka mwisho, wabadilishe zamu wewe mwenyewe, usingoje mgeni mpole alalamike maana hatalalamika pale, atalalamika kwa meneja.

Kushuka ndo watu wanaanguka. Wamefurahi, wanaangalia picha huku wanatembea, magoti yameshachoka. Punguza mwendo hata kama unanusia chakula cha mchana. Na mgeni akitaka kurukia ziwani kuoga mwonyeshe sehemu ambayo kambi imeruhusu, viboko na mamba wapo.

Ya tipu usiitaje, wala usitanie kuhusu tipu. Barakoa zilizotumika zihesabu kabla hamjaachana, zilizopanda zote zirudi kambini, hata iliyokatika kamba.