Sanduku la maoni limejaa vumbi

Kona ya Karakana: barua za wasomaji, zinajibiwa na fundi mstaafu wa Mikindani

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wanaobangua korosho huku Newala. Tuko 14, na mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, anaheshimika sana. Tulikwenda semina tukaambiwa tuwe wabunifu. Niliporudi nikatengenezesha sanduku la maoni, nikalitia kufuli, nikalitundika mlangoni. Sasa ni mwezi wa nne tangu nilitundike, nimekuta karatasi mbili: moja inaomba chai ya saa nne, nyingine haina kitu. Msimu uliopita mwenzetu alisema tujaribu juisi ya mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, mwenyekiti akamjibu, “Hapa tumekuja kubangua.” Tangu siku ile ni kimya. Nifanyeje ili wenzangu wawe na mawazo mapya? – Katibu, Newala

Marahaba mwanangu. Jibu umelileta mwenyewe ndani ya barua. Mawazo wenzako wanayo, ila wamesikia bei yake: kusimama mbele ya wenzake 13 na kurudishwa kwa maneno matatu.

Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuwa huyo mwenyekiti. Nilikuwa msimamizi wa meza za kukatia katika kiwanda kimoja cha korosho hapa kusini. Tulikuwa na binti ambaye kila asubuhi, kabla hajaigusa mashine, anamwaga korosho zake sakafuni na kuanza kuchambua. Kubwa anaweka huku, za kati kule, ndogo anazifunga kwenye pindo la kanga. Wenzake wanakuwa wamekwisha kata debe zima. Siku moja nikamkaripia mbele ya watu, nikamwambia hatukumwajiri aje kucheza bao. Kesho yake hakuchambua tena.

Baada ya wiki kama mbili, mama wa kupanga madaraja akaniuliza mbona sinia la yule binti siku hizi lina vipande vingi kama masinia ya wengine. Ndipo nikaenda kukaa pembeni ya mashine na kutazama. Visu vimetegwa kwa upana mmoja. Korosho kubwa ikiingia, kisu kinapita ganda na kugusa kiini. Ndogo ikiingia, ganda halikatiki sawasawa. Unairudisha tena, na ukiirudisha unaivunja. Yule binti alikuwa anamaliza ukubwa mmoja, analegeza au kukaza visu, kisha anaingia mwingine. Na wewe unajua kiini kizima kinauzwa bei gani, na vipande bei gani. Kuchambua kwa ukubwa kabla ya kukata ni jambo linalojulikana viwandani, sisi tulikuwa tumeliacha kwa ajili ya haraka. Yeye aliligundua kwa macho yake tu, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda.

Nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale. Akainama, akasema yamekwisha. Lakini mpaka anaacha kazi hakuniletea wazo jingine, na mimi sikuwa na haki ya kumdai.

Kwa hiyo kwanza, hilo sanduku liondoe. Mahali pengine linafanya kazi: Toyota ya Japani ilianza kukusanya mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, lakini pale pendekezo linapimwa na mwenye nalo anapewa zawadi, hata kama ni la kusogeza meza. La kwenu halina wa kulijibu. Tena mko 14. Mwandiko wa kila mtu unajulikana, na kuna ambaye kalamu si rafiki yake.

Pili, nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake. Usilitoe jambo hili kikaoni. Nenda jioni, na adabu zako zote, umuulize zamani walikuwa wanayafanyaje mabibo mbali na uraka, ile pombe yake. Mama wa umri huo aliyekulia Newala ana mengi ya kukufundisha. Mwache aseme mpaka amalize. Halafu ndipo umwombe jambo moja tu: kwenye kikao kijacho yeye aseme wa mwisho. Mkubwa akianza, adabu zetu zinatufunga midomo, na hilo si kosa la mtu, ndivyo tulivyolelewa.

Siku ya kikao, kabla hamjazungumza wote, kaeni wawili wawili kwenye mkeka kwa dakika kumi. Kila mtu amwambie jirani yake kitu kimoja kinachompotezea muda au korosho. Kisha kila mmoja alete la jirani yake, asilete la kwake. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha watu wanaofikiri pamoja kwa sauti na wengine wanaofikiri kila mtu peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa. Waliofikiri peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Kwenye kundi watu husubiriana, na huogopana.

Kuogopana huko kuna gharama usiyoiona kwenye daftari. Mmarekani mmoja, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi hospitalini miaka ya 1990. Alitarajia timu zinazoelewana ndizo zenye makosa machache. Akakuta ndizo zinazoripoti makosa mengi zaidi! Alipochimba akaona sababu: kule watu waliweza kusema wamekosea. Jiulize, katika kikundi chenu mtu akiunguza trei moja ya viini kwenye oveni, mnaipata habari siku hiyo hiyo, au mnazikuta zimechanganywa chini ya nzuri?

Sasa mabibo. Msianze na mradi, anzeni na ndoo moja. Bibo likianguka leo, kesho limeharibika, kwa hiyo okoteni asubuhi na kukamua asubuhi hiyo hiyo. Ule ukakasi unaokamata ulimi unapungua mkitia uji mwepesi wa wanga wa muhogo: koroga, acha itulie, machicha yazame, kisha chuja juu na uchemshe. Brazili wanakunywa juisi ya mabibo kama sisi tunavyokunywa ya ukwaju, kwa hiyo si ndoto. Yule aliyetoa wazo ndiye aongoze, na mkubaliane mapema mambo mawili: mtajaribu kwa wiki mbili, na ikiharibika hakuna atakayemdai. Hasara ni sukari na kuni. Kuuza dukani ni hatua nyingine kabisa, hapo mtaonana na TBS, Shirika la Viwango.

Na ikishindikana, mwenyekiti amshukuru kwa jina lake, kikaoni. Hilo usilisahau. Wale wengine 12 watakuwa wanaangalia hapo.

*

Fundi, nachonga vinyago Mtwara mjini. Wateja wanataka simba na tembo tu. Nikichonga cha kwangu kinakaa mwaka mzima. Niache kubuni? – Mchongaji, miaka 24

Usiache, kijana wangu. Wateja wanakuja na neno “jadi” mdomoni, lakini vile vinyago vya mashetani wanavyovitafuta vilianza miaka ya 1950, na anayetajwa kuvianzisha ni mtu mmoja, Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji. Na jirani yetu wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, maana ndizo alizozimudu. Mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu, na leo jina lake ni jina la uchoraji wenyewe.

Simba waendelee kukulisha, hakuna aibu. Ila mpingo unaujua: gogo moja limenyooka, jingine limepinda, lina ufa na uvungu katikati. Lile la pili, ambalo simba hawezi kutoka humo, liweke pembeni liwe lako. Fuata ufa unakokupeleka. Mbao hiyo ungeichoma mkaa, kwa hiyo hakuna mteja unayemdhulumu wala siku ya mkate unayoipoteza.

*

Mwanangu wa miaka tisa anafungua kila redio anayoiona. Nimemchapa, haachi. – Baba, Lindi

Ndugu yangu, fimbo iweke chini, mnunulie bisibisi. Kwa fundi redio yeyote hapo Lindi utapata vyuma vibovu kwa bei ya kutupa. Mpe vya betri tu, umuombe akuoneshe alichokikuta ndani, na ukae usikilize hata kama huelewi. Vya umeme wa ukutani asubiri awe mkubwa. TV ya chogo usimruhusu kabisa, maana hata ikichomolewa inabaki na umeme ndani.