Jibu: Muhtasari wa Wikipedia kwa wakala wa akili mnemba (mimi nilikwama kwenye neno "Kenya")

Ndugu yetu wa Bukavu, umeuliza kama msaidizi unayewajengea wanafunzi apewe makala nzima ya Wikipedia au muhtasari tu, na kama achote kwenye Kifaransa au Kiswahili. Waliotangulia hapa juu wamekujibu "muhtasari, basi". Nami nasema muhtasari, ila hawajakuonyesha unapouma.

Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa kazi za wanafunzi hapa Lubumbashi, Kongo, katika komuni (sehemu ya mji) iitwayo Kenya. Kompyuta moja kati ya tatu ina msaidizi wa namna hiyo: mtoto anaandika swali, modeli (ule ubongo wa akili mnemba unaotunga majibu) inaamua yenyewe kama itafute, chombo changu, yaani programu ndogo inayoitwa na modeli, kinakwenda Wikipedia na kurudi na aya moja au mbili. Nilikiandika kwa lugha ya programu ya Python nikakiunganisha kwa MCP, ile itifaki ya kuunganisha modeli na vyombo iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, ili siku nikibadilisha modeli nisianze upya.

Kazi yenyewe ni ndogo. Wikipedia ya kila lugha ina anwani yenye page/summary na kichwa cha makala mwishoni. Ukiiita inakuletea JSON, yaani data iliyopangwa ili programu iisome: kichwa, maelezo ya maneno machache, dondoo la utangulizi, picha ndogo, tarehe ya toleo. Makala nzima niliijaribu wiki ya kwanza nikaiacha. Makala ya nchi kubwa ina maelfu ya maneno, unazilipia tokeni zote hizo (vipande vya maneno ambavyo modeli huvihesabu) ili mtoto ajue jina la mji mkuu.

Sasa hiyo Kenya. Mtoto wa jirani alipewa kazi ya kueleza komuni anayokaa. Akaketi, akaandika kwamba anataka kujua watu wa Kenya wanafanya kazi gani. Msaidizi akajibu bila kusita: chai, kahawa, utalii, bandari ya Mombasa. Mtoto akasoma kwa sauti, akanigeukia: "Yaya (huku ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), hapa wanasema kwetu kuna bahari!" Wateja waliokuwa wanangoja fotokopi walicheka mpaka mmoja akaacha karatasi zake.

Mwanzoni nilidhani tatizo ni zile kurasa zinazoorodhesha maana mbalimbali za jina moja. Hizo nilikuwa nimeshazizuia: JSON ina sehemu iitwayo "type", na ukurasa wa namna hiyo huandikwa humo "disambiguation". Lakini Kenya haiingii mtego huo. Jina hilo linakwenda moja kwa moja kwenye nchi, "type" inasema "standard", kila kitu kinaonekana safi. Ndiyo maana kosa hili ni baya kuliko kosa linalopiga kelele. Na sisi huku majina ya hivyo tunayo tele. Tanganyika ni ziwa, ilikuwa nchi hadi ilipoungana na Zanzibar mwaka 1964, na tangu 2015 ni mkoa, mmoja wa minne iliyozaliwa Katanga ilipogawanywa. Lubumbashi yenyewe ni mji, ni komuni ndani ya mji huo, na ni mto.

Nilichofanya ni kukata chombo vipande viwili. Cha kwanza kinatafuta tu: kinapokea maneno ya swali pamoja na muktadha, kinarudisha vichwa vitano, kila kimoja na maelezo yake mafupi. Cha pili kinaleta muhtasari, na hakikubali kichwa ambacho hakikutoka kwenye cha kwanza. Yale maelezo mafupi ndiyo yanayookoa, maana modeli inaona wazi kwamba hiki ni nchi ya Afrika Mashariki na kile ni komuni ya Lubumbashi, halafu inachagua.

Kisha kuna maelezo ya chombo, yale ambayo modeli husoma kabla ya kukitumia. Yangu yalikuwa mstari mmoja mkavu: "Huleta muhtasari wa makala." Nikayaandika upya kama ninavyomwelekeza kijana mpya wa kazi: "Usibahatishe kichwa. Tafuta kwanza. Anayeuliza yuko Lubumbashi. Ukibaki na shaka kati ya viwili, muulize." Sentensi ya tatu pekee ilifanya kazi kuliko msimbo wote wa programu niliouandika usiku ule.

Jeraha la pili ni ukimya. Makala isipokuwepo, seva hujibu 404, yaani "haipo", na msimbo wangu wa kwanza ulirudisha nafasi tupu. Modeli ikiona utupu inaujaza. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliuliza kuhusu mwandishi mmoja wa huku kwetu, akapewa mwaka wa kuzaliwa, shule, hadi tuzo, vyote vya kutunga. Aliyegundua ni mwalimu wake, si mimi. Siku hizi chombo kinarudisha sentensi kamili: "Hakuna makala yenye kichwa hiki. Usijibu kwa kumbukumbu. Tafuta tena au sema hujapata."

Mengine ni ya ufundi tu. Jitambulishe kwenye User-Agent (mstari unaotambulisha programu inayoomba ukurasa) kwa jina la programu na njia ya kukufikia, Wikimedia, wenye kuendesha Wikipedia, wanataka hivyo, la sivyo unaweza kufungiwa mlango. Ukitumia httpx, maktaba ya Python ya kuita kurasa za mtandao, yenyewe haifuati maelekezo ya kuhama kutoka anwani moja kwenda nyingine mpaka uiambie. Mimi nilipoteza Jumapili nzima hapo. Na kama MCP yako inapita kwenye stdio (njia ya kawaida ya programu kupokea na kutoa maandishi), usiache print, ile amri ya kuandika kwenye skrini, hata moja, kwa sababu maneno hayo yanachanganyika na ujumbe wa itifaki na kila kitu kinakufa. Maandishi yako ya kufuatilia makosa yapeleke stderr, njia ya pembeni ya makosa.

Muhtasari pia hauchukui majedwali wala lile sanduku la pembeni, na idadi ya watu mara nyingi iko humo. Kwa maswali ya takwimu nimeongeza chombo cha tatu kinacholeta sehemu moja ya makala, si zote.

Kuhusu lugha: mimi naanza na Kifaransa, kwa sababu masomo ni ya Kifaransa na makala nyingi za Kiswahili bado ni mbegu, kama wanawikipedia wenyewe wanavyoziita. Modeli inasoma Kifaransa, inamweleza mtoto kwa Kiswahili. Ila usiiache itafsiri kichwa cha makala kichwani mwake. Pita kwenye viungo vya lugha vya makala yenyewe, vinakupa kichwa sahihi cha upande wa pili.

Kila muhtasari ninaupokea mara moja tu na kuuweka kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ndani ya kompyuta, pamoja na tarehe na kiungo. Intaneti ikikatika msaidizi anajibu kwa vilivyomo, na kiungo kinachapwa chini ya jibu, kwani leseni ya CC BY-SA ya maandishi ya Wikipedia inadai utaje ulikochota. Yule mwalimu naye sasa hapokei kazi isiyo na kiungo.

Ukikwama kwenye kile chombo cha kutafuta, andika hapa kosa linavyosomeka, neno kwa neno. Mimi nitaliona kesho asubuhi, umeme ukiwepo.