Jiwe halitaki kung'aa? Rudi hatua ya kwanza

Mawe yametoka kwenye pipa la umeme, lile linaloyazungusha pamoja na maji na unga wa kusagia hadi yawe laini, baada ya siku 28, yameoshwa, yamepangwa juu ya taulo, yanapendeza kama peremende. Nusu saa baadaye yamekauka na kupauka. Hapo ndipo wengi hulaumu unga wa kung'arishia na kuanza kutafuta mwingine wa ghali zaidi. Unga ule kwa kawaida hauna kosa. Jiwe lililopauka mwishoni liliharibika wiki tatu nyuma, au siku ileile lilipookotwa.

Basi tuanze na kuokota. Ardhi ina mwenyewe, na hifadhi nyingi za taifa haziruhusu hata kokoto moja itoke, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuinama. Nyundo ya seremala iache nyumbani. Imetengenezwa kwa ajili ya misumari, na ikigongwa kwenye jiwe gumu uso wake unaweza kumeguka na kurusha kipande cha chuma kwa kasi. Tumia nyundo ya mawe, na miwani ya kinga ivaliwe kabla ya pigo la kwanza. Anayeanza afadhali aende kwenye changarawe za mtoni au ufukweni, kwa sababu maji yameshafanya sehemu ya kazi: mawe dhaifu yamesagika, yaliyobaki ni magumu na ya mviringo.

Ugumu ndio unaoamua kama jiwe litang'aa. Kwenye kipimo alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, talki, ile ya poda ya mwilini, ni 1 na almasi ni 10. Ukoo wa kwatzi uko kwenye 7: akiki, yaspi, amethisti, na mara nyingi miti iliyogeuka kuwa mawe. Huo ndio ukoo wa kuanza nao. Chukua msumari wa chuma, ukwaruze jiwe mahali pasipoonekana. Likikwaruzika, liko chini ya 6 na halifai kuchanganywa na akiki. Tahadhari hapa: chuma kikipita juu ya jiwe gumu huacha mstari wa kijivu unaofanana sana na mkwaruzo. Lowesha kidole ufute. Mstari ukitoka, ni chuma kilicholika, si jiwe. Kisha dondoshea siki. Likitoa mapovu, ni chokaa au marumaru, liwekwe kando.

Kuna mawe magumu ambayo bado ni usumbufu. Itale inavutia machoni, lakini ndani yake kuna kwatzi ya 7, feldispa ya 6 na ulanga usiofika hata 4. Ulanga hulika kwanza na kuacha vishimo, na vishimo havina mng'aro. Jiwe la mchanga ni baya zaidi: linadondosha punje zake na kuyakwaruza mawe mengine yote yaliyomo.

Nyufa zitafute kwa maji. Loweka mawe, yatoe, yaangalie yakikauka. Uso hukauka upesi, lakini ufa hushika maji na kubaki kama uzi mweusi. Jiwe la namna hiyo lipasue palepale penye ufa au liache, maana likipasukia ndani ya pipa katika wiki ya tatu litakuwa na kingo kali za kuyachubua mengine.

Sasa pipa lenyewe. Tuchukulie dogo, lenye uwezo wa kilo 1.5 hivi. Lijaze mawe hadi theluthi mbili, lisizidi robo tatu. Likiwa tupu sana, mawe huanguka badala ya kuteleza na kugongana hadi yatoke alama ndogo nyeupe zenye umbo la hilali, ambazo hazifutiki bila kurudia kusaga. Likijaa kupita kiasi, hayasogei. Changanya ukubwa, kuanzia sentimita 1 hadi 3 au 4: madogo huingia kwenye mabonde ambayo makubwa hayafiki. Weka vijiko 4 vya chakula vya silikoni kabaidi, unga mgumu wa kusagia, punje namba 60/90 (namba ikipanda, punje huwa ndogo zaidi). Mimina maji hadi yakaribie mawe ya juu bila kuyafunika. Pipa lililopakiwa vizuri hutoa mvumo wa kuteleza usiokatika. Ukisikia kugonga, ongeza mawe. Ukisikia kimya, punguza.

Siku za mwanzo fungua kifuniko kila siku. Katika baadhi ya mizigo gesi hujikusanya na kukifurisha kifuniko hadi tope livuje. Fungua uso ukiwa mbali.

Baada ya siku 7 unga umekuwa tope la kijivu, zito kama uji. Punje za silikoni kabaidi huvunjika zikifanya kazi. Zinabaki kali lakini zinazidi kuwa ndogo, na mwisho hazina nguvu ya kula jiwe. Kuzungusha wiki ya pili kwa unga uleule ni kupoteza umeme tu. Osha, kausha, chambua jiwe moja moja. Lenye kishimo au bonde hata moja linarudi kwa vijiko 4 vipya. Akiki yenye umbo baya inaweza kudai wiki 3 au 4 kwenye hatua hii peke yake, na hakuna njia ya mkato. Hapa ndipo watu hukata tamaa, wakasema kishimo kitaisha mbele. Hakiishi. Punje 120/220 ina kazi moja, kuondoa mikwaruzo ya 60/90. Ya 500 inaondoa ya 120/220. Umbo la jiwe hutengenezwa na unga wa kwanza tu.

Kagua jiwe likiwa kavu kabisa. Maji ni mwongo: hujaza mikwaruzo na kulipa jiwe mng'aro usio wake. Litazame chini ya mwanga unaotoka upande, ukiweza kwa lenzi inayokuza mara 10. Uso ulio tayari kuondoka hatua ya kwanza umefifia kwa usawa, hauna mstari mmoja unaojitokeza kuliko mingine.

Kati ya hatua na hatua, adui ni punje iliyobaki. Chembe moja ya 60/90 iliyojificha kwenye ufa ikichomoka wakati wa kung'arisha, itachora mawe yote ya pipa. Ndiyo sababu yenye mashimo hayavuki hatua ya kwanza. Sugua kila jiwe kwa mswaki wa zamani, sugua ukingo wa kifuniko, mpira wake, na kona za ndani. Anayeweza awe na pipa la pili lisiloguswa na unga mkubwa. Kisha zungusha mawe kwa saa kadhaa na maji yenye kijiko cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa. Utashangaa tope litakalotoka kwenye mawe uliyoapa kuwa ni safi.

Tope lenyewe usilimwage kwenye sinki kamwe. Hutuama ndani ya bomba na kuganda kama saruji. Liache kwenye ndoo mpaka litulie, mwaga maji ya juu nje, mashapo yatupe na takataka.

Hatua zinazofuata hazina maneno mengi: siku 7 kwa 120/220, siku 7 kwa 500, siku 7 kwa oksidi ya aluminiamu, ndio unga wa kung'arishia. Kwa kuwa mawe yamepungua, rudisha kimo cha pipa kwa vipande vidogo vya kauri, ambavyo pia huzuia mawe kugongana. Obsidiani, kioo cha volkeno chenye ugumu wa 5 na kitu, kinahitaji vipande vingi zaidi na kisiwekwe na akiki, kwa sababu kingo zake zitatoka nyeupe.

Mng'aro ukikosekana hata hivyo, soma dalili. Yote yamepauka kwa usawa: hatua ya 500 ilikatishwa mapema. Mikwaruzo ya hapa na pale: punje kubwa ilipenya. Kingo nyeupe na katikati kunang'aa: pipa lilikuwa tupu mno. Mengine yanang'aa, mengine hapana: umechanganya ugumu.

Wanaokata kaboshoni, vito vyenye mgongo wa mviringo na chini bapa, kwenye magurudumu ya almasi hukutana na kanuni ileile. Kipande chenye unene wa milimita 5 au 6 kinachorwa umbo kwa waya wa aluminiamu, si penseli, maana maji huifuta. Kinakatwa nje ya mstari kwa milimita 1 au 2, kinagandishwa kwenye kijiti kwa nta, kisha kinapitishwa kwenye magurudumu ya punje 80, 220, 600, 1200, 3000. Zungusha mkono muda wote. Ukitulia, bapa linajichora. Mikwaruzo inayojitokeza kwenye 3000 ni ya 80 iliyoponyoka kwenye 220, kwa hiyo kausha na utazame kabla ya kuondoka 220. Opali isigandishwe kwa nta ya moto, joto huipasua.

Na maji yawepo daima kwenye gurudumu na msumeno. Vumbi la kwatzi likivutwa hukovuza mapafu, na kovu hilo haliponi. Sakafu ipigwe deki, isifagiwe kavu, na aproni ifuliwe kabla tope lake halijakauka na kupeperuka. Malakiti, jiwe la kijani, ina shaba ambayo vumbi lake lina madhara, kwa hiyo haikatwi kavu hata kwa dakika moja.

Jambo dogo la mwisho: bandika karatasi kwenye kifuniko, uandike namba ya punje na tarehe ya kuanza. Tope la 120/220 na la 500 yanafanana, na baada ya siku 7 kumbukumbu haitakuambia ni lipi.